KINGA NA KAZI: Mulima Unalipwa Kidogo Kidogo

Niliwaahidi kwamba mwezi huu tutazungumza habari ya kupaka sheni mafuta. Tutaiacha kwanza, juu barua moja ilinifikia ambayo haiwezi kungoja. Kijana aliyeiandika anakaa Likasi, na wale waliotembea Likasi wanajua vile vilima vinazunguka ule muji. Ninaiweka hapa kama alivyoiandika. Jina nimelificha.

«Baba Fundi, mi niko kijana wa miaka 17. Tata yangu alikuwa anatembeza makala na kinga. Sasa magoti yake ilikufa, hawezi tena kupanda mulima. Mi njo nilibakia na kazi, na feza ya makala njo tunalipia masomo ya badogo yangu. Nilinunua veteti ya okazio, iko na vitesi 21. Benzangu bananicheka, banasema vitesi ni ya bazee na ya batoto ya bazungu. Fundi moja ananiambia aitoshe yote, abakishe pinyo moja tu, ile ya nguvu. Nimukubalie?»

Mutoto yangu, jibu ni hapana. Usimukubalie. Lakini nataka uelewe sababu, kwa maana kesho fundi mwingine atakuja na maneno mengine, na mimi sitakuwa pale.

Utoke inje sasa hivi, uipindue kinga, ikae juu ya kiti na usukani. Mbele, pale penye pedali, kuna magurudumu matatu ya meno: hayo tunaita plato. Nyuma kuna mengine saba: hayo tunaita pinyo. 3 mara 7 ndiyo ile 21 walioandika kwa rangi ili kuuza. Usishangae mbele ya hesabu hiyo, juu nyingi kati yazo zinafanana. Mutu wa mizigo anatumia nne ao tano, basi.

Hesabu meno. Weka chaki kwenye jino la kwanza ili usipotee. Katika veteti nyingi za bei ndogo utakuta plato za meno 28, 38 na 48, na pinyo zinaanza 14 zinafika 28. Kama yako ni tofauti, fuata yako, usifuate gazeti.

Kisha isimamishe. Chora alama chini na alama kwenye mupira wa nyuma, uisukume mpaka gurudumu limezunguka mara moja, upime. Mupira wa 26 unakupa kadiri ya mita 2,05. Sasa tuko na kila kitu cha kufanyia hesabu, hata mudogo wako wa shule ya musingi anaweza kukusaidia: meno ya plato gawa na meno ya pinyo, mara 2,05. Plato 28 na pinyo 28 ni 1, basi kila mara unapozungusha pedali unaenda mita 2,05. Plato 48 na pinyo 14 ni karibu 3 na nusu, unaenda mita 7. Ile fundi anayotaka kukubakishia, nafikiri ni 48 na 20 hivi. Hiyo ni mita 4,92.

Yeye anaiita «ya nguvu». Ni kweli, lakini nguvu inatoka kwako.

Tuchukue mulima mmoja. Namna ya kuupima: twaa ubao wa mita moja na chupa yenye maji nusu. Lala ubao juu ya njia, ukielekea kule inakopanda, weka chupa juu yake kwa ubavu, inua ncha ya chini mpaka maji yanalala sawasawa. Pima nafasi kati ya ncha ile na udongo. Kama ni sentimita 8, mulima ni wa 8 kwa 100. Huo ni mulima wa kweli, ule unaofanya watu waache mazungumzo.

Wewe tuseme uko na kilo 60, kinga pamoja na portibagaji 20, mufuko wa makala 50. Jumla kilo 130. Mulima wa 8 kwa 100 unavuta nyuma sehemu 8 kwa 100 za uzito ule: kilo 10 na kitu. Ongeza kidogo juu ya udongo na mupira unaojibana, tufike 12. Ni sawa na kusema shetani fulani amefunga kamba nyuma ya kinga yako, akatundika kilo 12 ndani ya kisima, na wewe unazivuta unapokwenda.

Utasema: kilo 12 ni nini? Mama anabeba zaidi ya hiyo kichwani akitoka soko. Ndiyo, lakini angalia muguu wako. Mukono wa pedali una sentimita 17, basi muguu ukizunguka mara moja unatembea mita 1,07 tu. Katika wakati uleule kinga inatembea mita 4,92, mara 4,6 zaidi. Kile inachopata katika urefu inakudai katika uzito: 12 mara 4,6 ni kilo 55. Na hiyo 55 ni ya kati na kati. Pedali ikiwa juu kabisa ao chini kabisa, muguu hausukumi kitu, kwa hiyo pale katikati lazima usukume karibu kilo 86. Wewe mwenyewe uko na 60! Ndiyo maana vijana wanasimama juu ya pedali, wanavuta usukani kama mutu anayeng'oa muhogo, wanakwenda upande huu na upande ule wa barabara. Kwenda vile kunapunguza ukali wa mulima, sikatai. Lakini barabara zetu zina malori ya madini, na dereva aliye nyuma yako hajui kama sasa unapinda kushoto ao kuume.

Sasa weka plato 28 na pinyo 28. Kinga inatembea mita 2,05, muguu 1,07. Hesabu inatoa kilo 23, na pale katikati 36. Unabaki umekaa. Usukani haupepesuki.

Kuna mutu atasema: «Basi vitesi inafanya kazi kwa nafasi yangu!» Hapana. Tuseme mulima ule una mita 500. Na vitesi ya fundi utazungusha pedali mara 102, kila mara kilo 55. Na ile ndogo utazungusha mara 244, kila mara kilo 23. Zidisha zote mbili. Utakuta 5 610 na 5 612, yaani deni ni lile lile. Mulima hausamehe hata franka moja. Vitesi inakuruhusu tu kulipa kidogo kidogo, kama vile mama anavyolipa deni la unga pale kwa muuzaji, badala ya kulipa yote siku moja na kubaki bila kitu ndani ya nyumba. Na anayelipa yote kwa mara moja, hapa, ni goti. Umemuona tata yako. Sitasema kwamba ni kinga peke yake iliyomuumiza, mimi si munganga, lakini miaka ya kusukuma uzito mukubwa polepole namna ile haimusaidii mutu yeyote.

Tuje kwa benzako wanaokucheka. Waambie maneno yao si mapya, yalisemwa kwa Wafaransa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Kule Saint-Étienne, muji wa machimbo ya makaa ya mawe, mutu mmoja Paul de Vivie alianzisha gazeti la kinga katika mwaka 1887, na kwa miaka mingi alihubiri habari ya vitesi kwa wapanda milima. Wakamucheka. Katika mwaka 1902 yalifanywa mashindano ya milimani: bingwa mwanaume juu ya kinga ya vitesi moja, na mama mmoja, Marthe Hesse, juu ya kinga ya vitesi tatu. Mama akashinda. Unafikiri walinyamaza? Henri Desgrange, yeye aliyeanzisha Tour de France mwaka uliofuata, aliandika kwamba vitesi ni ya watu waliopita miaka 45. Unasikia? Ni neno la benzako kabisa: ya bazee.

Na wanariadha wake walilipa kichwa kigumu hicho. Mwaka 1910 aliwapeleka ndani ya milima mirefu ya Pyrénées. Octave Lapize, ambaye ndiye alishinda mwaka ule, alifanya sehemu za njia kwa miguu, akisukuma kinga. Miaka ikapita, wakaruhusiwa kuwa na pinyo mbili, moja kila upande wa gurudumu la nyuma. Chini ya mulima mutu anashuka, anafungua gurudumu, analigeuza, anafunga, anapanda tena. Ni mwaka 1937 tu ndipo derayeri iliingia katika Tour de France. Leo hakuna bingwa anayepanda bila vitesi ndogo. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya kinga za barabara yalifanywa Kigali, pale jirani, mara ya kwanza katika Afrika, ndani ya vilima ambavyo wengi wenu munavijua. Wote walikuwa na vitesi, na hakuna aliyebeba makala.

Hata hiyo veteti yako ilizaliwa ndani ya jambo hili. Huko California, upande wa Marin, kati ya miaka ya 1970, vijana walichukua kinga za zamani, nzito, za vitesi moja, ili kuteremka milima ya udongo. Kuteremka waliweza vizuri. Kupanda je? Waliweka kinga ndani ya lori! Wakachoka na lori, wakafunga derayeri na plato ndogo, na pale kinga ya mulima ikawa kinga ya mulima kweli. Mmoja wa watengenezaji wa mwanzo, Tom Ritchey, alifika Rwanda mwaka 2005, akaona namna wakulima wanavyosukuma mizigo, akatengeneza kinga ndefu ya nyuma ya kubebea kahawa. Basi ukiitosha vitesi yote, unairudisha veteti yako kwa lori.

Sasa namna ya kuchagua ukiwa njiani. Jambo ambalo vijana wengi wanakosea ni wakati. Wanangoja mpaka miguu imekwisha kulia, ndipo wanavuta kitasa. Sheni iliyokazwa na kilo 80 haipendi kuhama. Itapiga kelele, itaruka meno, ao itakatika, na mufuko utakushusha chini pamoja nao. Badilisha mbele, wakati kinga ingali na mwendo. Unapouona mulima, shusha kwanza plato ile ya mbele, kwa sababu hiyo ndiyo yenye hatua kubwa na ndiyo inayosumbua. Kisha nyuma, pinyo moja moja, kila mara unaposikia miguu inaanza kuwa mizito. Katika dakika ile ya kubadilisha legeza muguu kidogo, lakini usiache kuzungusha. Ni kama kuinua kisigino tu.

Utajuaje kama vitesi ni ya kutosha? Hesabu. Ukiwa na mzigo juu ya mulima, pedali izunguke mara 45 mpaka 60 kwa dakika. Ikishuka chini ya 40, iko kubwa. Ukiona unazungusha kama kuku aliyefukuzwa na kinga haiendi, iko ndogo, panda moja.

Tena usitie plato kubwa ya mbele pamoja na pinyo kubwa ya nyuma, ile 48 na 28. Sheni inakwenda kwa ubavu na inavutika kupita kiasi. Hesabu yake ni 1,71. Plato 38 na pinyo 22 inakupa karibu hiyohiyo, sheni ikiwa imenyooka. Nilikwambia nyingi zinafanana.

Na sasa neno ambalo wauzaji hawalisemi. Hata 28 na 28 ni kubwa kidogo kwa mufuko wa kilo 50 juu ya mulima wa 8 kwa 100. Veteti hii iliitwa ya mulima, lakini aliyeitengeneza alifikiri mutu bila mzigo. Ukipata feza, tafuta lile fungu la pinyo saba ambalo ya mwisho ina meno 34. Kilo 23 inashuka mpaka 19, na unaweza kuzungusha mara 50 kwa dakika ukienda kilometa 5 kwa saa. Lakini derayeri fupi haiwezi kuifikia pinyo ya 34, basi mwambie fundi aijaribu mbele yako kabla hujalipa, na ongeza sheni. Wenye feza leo wananunua veteti ya plato moja tu mbele, meno 32 hivi, na pinyo ya nyuma inafika mpaka 51. Gawa mwenyewe: ni karibu sawa na 22 na 34 ya veteti nzuri za zamani. Wamezunguka, wamerudi palepale.

Chini ya kilometa 4 kwa saa hakuna vitesi itakayokusaidia, juu kinga inaanza kuyumba na mtu wa miguu anakupita. Pale shuka, sukuma. Lapize alisukuma.

Nilisema fundi wako anajua neno moja la kweli, ao sikusema? Basi nalisema. Derayeri ni kitu laini. Vumbi letu linaiua, kinga ikianguka upande wa kuume kale kachuma kanakoishika kanapinda, na ya mupya haipatikani kila soko. Usimame nyuma ya kinga, ufunge jicho moja: magurudumu yake mawili madogo yanapaswa kusimama wima chini ya pinyo. Kama yamelala upande wa ndani, siku moja utavuta vitesi ndogo kabisa na derayeri itaingia ndani ya miti ya gurudumu. Hiyo ndiyo inayowaogopesha mafundi, na wana haki. Dawa yake ni kukanyoosha polepole, na kulaza kinga kwa upande wa kushoto tu, na vilevile kuanzia leo kufunga mufuko usininginie upande ule.

Kama imekwisha kuvunjika na feza hakuna, bado usibakishe ile ya nguvu. Funga sheni kwenye plato 28 na pinyo 18 ao 20, uikate urefu unaofaa. 28 na 18 inakupa mita 3,19. Mahali pa sawa, ukizungusha mara 70 kwa dakika, unaenda kilometa 13 kwa saa, na kwa mutu mwenye mufuko hiyo inatosha. Na ninyi wenye kinga kubwa za 28, zile za pinyo moja, mambo ni hayohayo: kama nyuma kuna 18, mwombe fundi 22. Ni pinyo moja na vipande viwili vya sheni. Kwa plato ya 44 na gurudumu la mita 2,20, mnashuka kutoka mita 5,38 mpaka 4,40. Mnapoteza mwendo kidogo kwenye gudroni, na mulima unawaachia karibu moja juu ya tano ya uzito.

Mufuko wenyewe uuweke chini na mbele kadiri inavyowezekana, karibu na mugongo wako. Ukikaa nyuma sana, kwenye mulima usukani unakuwa mwepesi, gurudumu la mbele linatafuta mbingu, na hapo vitesi ndogo inazidisha jambo hilo kwa sababu inavuta kwa nguvu. Inamisha kifua.

Kiti pia, mutoto yangu. Vijana wanakishusha ili miguu ifike chini. Weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa: muguu uwe umenyooka. Hilo halikuombi franka.

Mulize tata yako ni pinyo gani alikuwa nayo miaka ile. Kama ile kinga yake ingali inasimama nyuma ya nyumba, hesabu meno yake pia, uniandikie zote mbili. Na kama fundi amekwisha kuitosha derayeri kabla gazeti hili halijakufikia, umuombe akurudishie vyuma vyote, hata zile vis ndogo, ndani ya kopo moja.